Nyuma Kushoto

Datsun ya mama imekaa kitako tangu sijaota ndevu.
Ukiwa nyuma yake, taa nyekundu ya Buxton,
utadhani inataka kukunong'oneza neno
kwa bega la kushoto.
Miaka ishirini na mitatu ya masufuria ya pilau,
magunia ya mchele, mafiga, kuni,
na mama mwenyewe, nyuma kushoto,
kiganja juu ya kifuniko
mchuzi usimwagike.

Fundi Kadzo aliingia uvunguni, pale Shimanzi,
juu ya katoni ya sabuni. Nikaona viatu tu,
na sauti:
"Springi nzima hucheka, ncha juu.
Hizi zako zimenuna."
Akafunga uzi toka jicho hadi jicho,
akapima kwa rula ya shule ya mwanawe.
Kulia, kidole kimoja cha tabasamu.
Kushoto, uzi umelala juu ya chuma
kama mgonjwa mkekani.

Chumvi ya mji huu haikoleshi mchuzi tu.
Yuboliti mbili zilifunguka kwa dizeli na matusi.
Ya tatu ililala usiku kucha kwenye mafuta,
asubuhi ikasema la.
Ya nne tuliikata,
cheche zikamrukia Chengo, mwanagenzi, akacheka
maana ndicho alichokuja kukiona.

Mabamba yakatengana: sita, refu hadi fupi.
Mafundi huyaita majani.
La tatu lilikuwa limevunjika, kovu lake lina kutu ya zamani,
sijui mwaka gani, sijui kwa harusi ya nani,
na wenzake wakabeba fungu lake.
Watu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Chuma hakijapata kusikia hayo.

Mapya ni manne tu, mapana.
Bushi ngumu, nyekundu kama mate ya tambuu.
Shokabzoba za gesi, badala ya zile
zilizokuwa zikilia machozi meusi.
Nikashika spana nikaze, Kadzo akanipiga mkono:
"Gari liko hewani! Lishushe kwanza,
libebe uzito wake, ndipo ukaze.
Ukikaza linaning'inia,
bushi inajifunza uwongo."

Elfu thelathini na nane. Nililipa,
nikaenda kumchukua mama
ili nisifiwe.

Macho yake sukari ilikwisha yachukua, mwaka wa tatu huu.
Lakini mji aliusoma kwa kiuno:
hii reli, hili shimo la Makupa,
hili tuta la shule, punguza,
hapa kwa Mwanakombo,
alinilipa nusu ya harusi, nusu hadi leo.
Mimi nilishika usukani tu.

Siku ile alikaa pahala pake.
"Gari limerefuka," akasema, kisha kimya.
Nikamtazama kiooni. Kiganja chake
kilikuwa kikitafuta kifuniko kisichokuwapo.
"Tumefika wapi?"
"Tushapita reli, mama."
"Reli gani? Reli haikusema kitu."

Nilikuwa na maneno tayari,
ya gesi, ya bushi, ya uzi na rula.
Yote yalinikwama kooni.
Kwenye buti, springi za zamani,
Kadzo alizozifunga kwa waya asiziuze chuma chakavu,
ziligongana mara moja.
Mama akageuza shingo, kama aliyeitwa.

"Rudi pale relini," akasema. "Polepole."
Nikageuzia kituo cha mafuta.
Tairi la mbele likapanda, likashuka. La nyuma likapanda.
Mama alikuwa ameshavua kiatu,
wayo umekanyaga sakafu ya gari,
pumzi ameizuia.

"Kumbe," akasema, "siku hizi inanong'ona."

Kisha: "Rudi tena.
Na hiyo redio, zima."