Ki Nguoni

Alikuja na vipande viwili vya mninga
vimefungwa kwenye gazeti la juzi,
akavilaza mezani, kati ya chaki na mkasi,
kama muuza samaki: "Haya fundi, chagua."

Seremala wa Keko kavichonga kwa vipimo:
kimoja kirefu, kiganja kizima na vidole viwili,
kingine kifupi, kinene kama kipande cha sabuni.
Bastola yenyewe bado. Kibali kimetoka,
alama za vidole kachukuliwa, wino haujatoka kuchani,
kajibu maswali ya afisa
kuhusu pombe, ugomvi, na mke.
Imebaki suruali.

Shekalaghe namshonea mwaka wa kumi na moja.
Kiuno chake nakijua kuliko daktari wake:
thelathini na nne alipofungua duka la vipuri, Likoma,
thelathini na nane mwaka wa kiwanja cha Goba,
thelathini na tano tangu Februari,
tangu wale wa pikipiki wamsubiri getini
na jirani aliyetoka kuchungulia
hakurudi ndani.
Hilo hakunisimulia. Tepu ndiyo iliyosema.

Tukaanza na kirefu.
"Hiki kinajaa mkononi," alisema, "kinatulia."
Nikakichomeka ubavuni, nikashusha shati.
Lakini Dar ina joto la kuvua, si la kuficha.
Koti utalivalia wapi, mwezi ambao Kariakoo
hata kuta zinatoka jasho?
Pamba ikalowa, ikagandamana na mti,
kitako kikajichora
kama goti la mtoto chini ya shuka.
Inama. Kikatokeza.
Kaa. Kikamchoma mbavu, akasimama.
Nyoosha mkono, kama unashusha beringi za Fuso.
Shati likapanda, tukaona vyote hadi kitovu.

Kile kifupi kikapotea.
Nilimzungusha mara tatu mbele ya kioo;
mimi niliyekiweka, sikukiona.
Ila alipokishika, kidole cha mwisho
kikabaki hewani, hakina pa kukaa.
"Cha namna hii kinaruka," akasema.
"Kule kwenye shabaha nilipiga udongo."
Akakikunja kidole, akakikunjua,
kama anayekiomba radhi.

Nikampa ninachokijua, ushauri wa uzi:
shati la maua, lizidi saizi moja, maua huvuruga macho;
kiunoni bitana ya turubai, mshono mara tatu;
mkanda mgumu, usiolegea ukicheka.
Na pale kitakapokaa, kisikae kingine,
si funguo, si chenji.
"Wala pipi?" akauliza. Sikumjibu.

Maana ndipo Zamda alipoingia kutoka shule,
begi mgongoni, soksi moja imeshuka,
akamkimbilia kama kila siku, mikono kiunoni,
na paji la uso likagonga.
Akarudi nyuma. Akapapasa.
"Babu, umeota mfupa."

Cherehani yangu ilikuwa kimya.
Huko nje mtu alinadi mabeseni, mia tano mia tano.
Shekalaghe alichomoa pipi mfuko wa kushoto,
na sijui lini alishazihamishia huko.

Kakichukua kifupi. Kwa kidole, alisema, atafanya mazoezi.
Nilishona usiku ule, taa moja, sindano nene.
Wahenga walishatuambia wapi hukaa kinachotula;
hawakusema ni nani
anayekitilia bitana.

Kirefu alikiacha. Ni mti tu, mninga mzuri,
nakandamizia kitambaa feni isikipeperushe.
Mti hauna risasi, hauna kibali, haujaua.
Lakini mteja akiingia, kabla sijamkaribisha,
mkono wangu, wenyewe tu,
huvuta kitambaa na kuufunika.