Nauza Muda, Majengo

Nauza muda. Nusu saa shilingi mia tano,
saa nzima elfu moja, sina punguzo.
Chumba kimoja nyuma ya duka la rangi, Majengo, Moshi,
kompyuta nne, moja haina herufi N.

Kundaeli huja saa kumi na moja kutoka gereji,
anajifuta grisi kwa suruali kabla hajagusa kipanya
(nilimgombeza mara moja, ikatosha).
Gemu lake halisubiri mtu.
Meli za vita zinamiminika kama kumbikumbi baada ya mvua,
anazigawa makundi, la kwanza, la pili, la tatu,
huku anachimba madini, huku anachomwa ubavuni,
huku ananipigia kelele, "Dada Mkunde, usinisemeshe!"
wala sijamsemesha.
Dakika ishirini na tano: himaya imezaliwa, imeoa, imezikwa.
Zinabaki tano za kujisifu.

Ndeonasia hukaa kwenye ile isiyo na N.
Mwaka wa pili, Chuo cha Ushirika, anasomea uhasibu,
na kwa kuwa jina lake lina N mbili
mfalme wake anaitwa Deoasia.
Wa kwanza alikufa mwaka wa arobaini wa gemu.
Sasa anatawala Deoasia wa Tatu,
ana nyota mia mbili na kumi, na madeni.
Huyu husimamisha muda.
Anabonyeza, galaksi nzima inaganda,
kombora angani, balozi katikati ya salamu,
naye anasoma: kodi ya sayari za mbali,
mkataba na jirani asiyeaminika,
nani kati ya wana apewe jimbo la kati.
"Ni kama kihamba," aliniambia. "Ukigawa vibaya leo,
wajukuu watapelekana barazani."

Kundaeli alicheka. "Huo si mchezo, ni mkutano wa chama cha msingi.
Vita gani mtu anaomba dakika?"
Naye, bila kugeuka: "Jana ulishinda mara ngapi?"
"Sita."
"Ukabaki na nini?"
Akatazama mikono yake.

Sikuingilia. Ila najua jambo wasilolisema wote wawili:
galaksi inaganda, saa yangu haigandi.
Ndeonasia amenilipa elfu tatu kwa kufikiri
juu ya njia moja kati ya nyota mbili.
Kwa elfu tatu Kundaeli hununua himaya sita.
Haraka haraka haina baraka,
walisema watu wasiolipia kwa nusu saa.

Jumatano umeme ukakatika.
Kundaeli alikuwa na meli tisini kwenye lango la adui.
Akapiga meza, akatukana, akaniomba radhi.
Ndeonasia hakuwa amehifadhi tangu saa nane.
Hakusema neno. Akatoa daftari lake la uhasibu,
na humo, juu ya mistari ya debiti na krediti,
nyota zote kwa kalamu ya bluu,
na upande wa mashariki doa la ukungu: *sijafika huku.*
Mlima nao jioni ile ulikuwa hivyo, nusu haupo.

Nikawasha tochi ya simu. Kundaeli akasogeza kiti.
"Hapa watakupiga," kidole kikaacha alama ya grisi
juu ya jimbo la kati. "Hujaweka hata meli moja."
"Wataanza lini?"
"Sasa hivi!"
"Hawawezi. Ghala lao tupu. Miaka mitatu, labda."
Akanyamaza. Sijawahi kumwona akinyamaza macho wazi.
"Mitatu," akasema. "Kama miche ya kahawa ya baba."
Kisha: "Basi weka mbili hapa. Za kuwachelewesha tu."
Akaziweka, kwa kalamu, pembeni ya grisi.

Umeme ulirudi saa mbili kasoro robo.
Kompyuta zikalia, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyegeuka.
Nikafungua daftari langu mimi: jina, saa ya kuanza, saa ya kumaliza.
Sasa niandike nini?
Na simu yangu wameimaliza chaji, imebaki asilimia tisa.