Mfuko wa Ndani

Kimambo alikuja adhuhuri, umeme umekatika,
akaweka juu ya meza yangu mita tatu za kitambaa cha kijivu
na swali ambalo si la fundi cherehani:
"Sijaona, ungekuwa wewe ungechukua namba ngapi?"

Kibali kakipata, baada ya miezi saba ya njoo kesho.
Kilichobaki ni kuchagua.
Muuzaji kamwambia thelathini na nane haina makuu,
haikwami hata mikono ikitetemeka.
Shemeji yake, mgambo wa zamani, kasema milimita tisa,
haipigi teke sana, na zinaingia nyingi.
Mwingine, wa kijiwe cha kahawa, kasema beba kubwa,
nukta arobaini na tano, akipigwa mtu hainuki kuuliza.
Mkewe kasema ishirini na mbili,
kwa sauti ya mtu anayesema usinunue.

Mimi milimita nazijua.
Kifungo cha shati ni kumi na moja,
cha kaunda suti, ishirini.
Tisa ni kile cha kwenye ncha ya kola,
ambacho mteja hakioni mpaka kikatike.

Nikamzungushia futi kiunoni.
Mwezi wa pili, Dar hii, nani anavaa koti?
Shati jepesi linasema yote: jasho, simu, funguo,
na chuma cha gramu mia saba hakinong'oni.
Kwa hiyo kaunda suti, nikamwambia, isiyochomekewa,
mpasuo pembeni, na mfuko wa ndani wa turubai laini
nitakaoupitisha cherehani mara mbili.
Nipe urefu wa mtutu tu. Namba ni yako.

Hakuondoka.
Akanieleza duka lake la Gerezani,
beringi, vioo vya taa, mauzo ya Ijumaa,
hatua mia mbili na kumi kutoka mlangoni hadi benki.
Anazihesabu hata usingizini,
tangu yule kijana alipomsimamishia pikipiki
akamwita kwa jina la ubatizo:
"Leonsi, leo umechelewa."
Akawasha, akaenda zake. Basi.
Hakuchukua kitu.

Nami nikazitembea kichwani zile hatua:
wapagazi wamefunikwa maboksi mpaka mabegani,
mama anayepanga soksi juu ya turubai,
watoto wa shule wakivuka wameshikana mikono.
Kubwa humpita mtu ikaenda kutafuta mwingine.
Ndogo humbakia mtu mwilini, naye akabaki wima,
ana hasira, na yuko karibu.
Kati ya hizo mbili ipo inayojua pa kuishia?
Muuzaji anasema ipo.
Muuzaji anauza.

Sikumwambia habari za shati la Mbagala.
Mjane aliniletea limefuliwa, limepigwa pasi,
akaniomba nizibe matundu
kabla ndugu hawajaja kugawana nguo za marehemu.
La mbele ningeweza kulificha nyuma ya kifungo.
La mgongoni lilitaka kiraka.
Ilikuwa namba ngapi, sikuuliza,
na yeye, nadhani, hakuwahi kuambiwa.
Nilichomoa nyuzi kwenye pindo la shati lenyewe
ili rangi isitofautiane.
Kazi ya siku nzima. Sikutoza.

Alhamisi Kimambo akarudi kujaribu.
"Tisa," akasema, kama anayetaja umri wa mtoto.
Akanionyesha chemba tupu, akanionyesha tena,
akaitumbukiza mfukoni,
akatembea kutoka mlangoni hadi kwenye kioo.

Mfuko ulikaa. Hata mimi niliyeushona
ningeapa hana kitu.
Ila bega la kulia lilikuwa limeshuka
na shingo imegeukia barabarani.
Bega nililipandisha kwa pedi, nusu inchi.
Shingo haina pedi.

Akajitazama muda mrefu.
"Hatua sita," akasema.
Sikuwa nimemwuliza.