Chupa ya Taras

Taras amekuja tena na chupa ndani ya koti,
ya manjano, radi imechorwa ubavuni.
"Shemeji, mimina hii tu kwenye oili,
injini itaamka kama bibi arusi."
Nje, Saskatchewan nzima imefunikwa theluji.
Kipimajoto kinasoma thelathini na nne chini ya sifuri
na mbwa amegoma kutoka.

Ile ya kutia kwenye dizeli sibishani nayo.
Dizeli ina nta, najua kwa vidole vyangu:
Januari ile iliganda kama samli,
chujio likaziba, trekta likazima njiani
na marobota ya majani mgongoni,
ng'ombe wakitukodolea macho ng'ambo ya ua.
Orest akamimina dawa, akatikisa tangi, akatukana.
Wapi.
Dawa ya nta hutangulia nta.
Siku hizi naitia Oktoba, kifuniko kimoja,
sizidishi hata tone.

Lakini hii ya oili, Taras,
hii ya kuziba, kunyamazisha, kurudisha ujana,
nani umemwona akirudishiwa?

Nilikinga oili kwenye kichupa,
kama mgonjwa aliyeambiwa alete mkojo,
nikaituma maabara, Regina, kwa posta.
Karatasi ikarudi na safu za tarakimu
na mstari mmoja uliokolezwa wino:
maji ya rejeta yamo ndani ya oili.
Gasketi imechoka.
Gasketi haishonwi kwa chupa.

Taras anaisoma akiisogeza mbali na macho.
"Hao nao wanauza," anasema.
Kweli, wanauza. Dola arobaini na mbili
nimenunua jambo nisilotaka kulijua.

Dirisha la jikoni bado lina chupa za Orest:
ya mizizi, ya asali na kitunguu saumu,
ya mafuta ya ini la samaki.
Miaka miwili alizimimina juu ya kikohozi kimoja.
"Kinapungua," alisema,
na kweli kelele ilipungua.
Oili nzito hufanya hivyo hivyo:
chuma kinasagana, wewe unasikia kimya,
unasema, afadhali.

Hili sijamwambia Taras.
Alikuwa kaka yake.
Na ile ya ini la samaki, yeye ndiye aliyeileta,
kilomita mia mbili, barabara ina barafu.

Napokea chupa. Nasema asante.
Naiweka rafuni ghalani, ya kumi na mbili,
bei bado imebandikwa.
Kisha nawasha injini ili aone mwenyewe:
moshi mweupe, mzito,
unanukia utamu kama peremende iliyoungua.

Anaunusa. Anaunusa tena.
Muda mrefu hasemi kitu.
"Gasketi mpya bei gani?"
Namtajia.
Anavua glavu, kidole kwa kidole,
anazitia kwenye mfuko uliokuwa na chupa.
"Zima," anasema. "Taa iko wapi?"