Nyoka Gani?

Mtoto wa nyoka ni nyoka,
walisema, wakaishia hapo.
Mjomba Sekiondo peke yake ndiye aliyeuliza:
nyoka gani?

Alikuwa na sanduku la mninga, kioo mbele,
nyuma ya jiko letu Muheza, njia ya kupandia Amani.
Ndani ukukwi wawili, Chenza na Danzi,
kijani kibichi, wala vyura,
hawajamdhuru mtu tangu waumbwe.

Usitazame rangi, aliniambia. Rangi ni kanzu,
Ijumaa kila mtu anayo.
Tazama jicho.
La ukukwi limezidi kichwa chake,
kama la mtoto aliyeamshwa usiku wa manane.
La hongo dogo, na kichwa chake kirefu
kama kokwa ya embe iliyofyonzwa ikatupwa.
Akikufunulia kinywa utaona weupe wa tui,
ila ukifika kuuona huo, mwanangu,
somo limekwisha.

Yuko na wa tatu, jicho kubwa vilevile,
ila uso umekatwa mfupi,
na kila kigamba kina mshipa katikati, kama jani.
Huyo, alisema, sikufundishi kwa kidole.

Mwezi wa sita, machungwa yameanza kuiva,
Mjomba kalazwa Bombo kwa sukari,
mimi nafagia uani.
Sandukuni nikatoa gamba mbili zilizovuliwa.
Ya tatu ilining'inia kwenye mchungwa,
ndefu kunipita.

Nikailoweka kwenye beseni, nikaitandaza juu ya ungo.
Gamba huvuka pamoja na kioo cha jicho, alinifundisha.
Za Chenza na Danzi, kama punje za kunde.
Hii, mtama.
Nikapima tena.
Mtama.

Nilikimbia kwa jirani, Mzee Shekue,
aliyeacha vidole viwili shamba la mkonge
tangu enzi za kulipwa kwa kipande.
Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka;
yeye hata kamba ya mbuzi huipiga kwanza.
Nikamwambia: yuko juu, mtini.
Nikaonyesha. Nikaonyesha tena.
Akapita chini ya mti na jembe lake,
akafungua sanduku.

Pigo moja. Pigo moja.
Sasa lala, akaniambia,
akafuta jembe kwenye nyasi.

Juu, tawi moja lilisogea
na upepo haukuwepo.

Mjomba aliporudi hakuuliza nani.
Alikaa kizingitini, miguu imevimba, viatu mkononi.
Lilikuwa kubwa kiasi gani, hilo jicho?
Nikabana vidole viwili
mpaka ukabaki mwanya wa mtama.
Akatikisa kichwa polepole, kama mwalimu
aliyepewa jibu sahihi siku ya msiba.

Ule mchungwa hatukuuchuma msimu ule.
Yaliiva, yakaoza juu, yakaanguka yenyewe,
na uani kote kukanuka utamu
mpaka mwezi wa tisa.