Mkono Mkavu, Mkono wa Yai

Leo nimefunga dirisha la upande wa kina Mwanaisha,
harufu ya nguruwe isije ikavunja ujirani.
Ila mgongo wa nyundo ameusikia. Kauliza ukutani:
“Mbodze, watwanga nini usiku huu?”
“Deni,” nikamjibu.

Unga. Yai. Chenga za mkate wa juzi.
Mkono mkavu, mkono wa yai, usiichanganye:
miaka kumi na tisa jikoni mwa Bibi Ingeborg, kule Casuarina,
nikikaanga, nikipamba sahani kwa ndimu,
nikila ugali wangu nyuma, kwenye ngazi.

Kabeji nyekundu imelainika kwa siki na karafuu.
Tufaha hapa Malindi hazishikiki bei, nimetia embe bichi.
Angeguna, yule bibi,
kisha angeongeza.
Viazi nimevitia siki vingali moto, alivyotaka,
na haradali kijiko.

Kipande kinaelea mafutani, kinavimba,
rangi ya mahamri.

Kahindi anaitazama sahani, ananitazama.
“Na ugali?”
Upo, baba, upo.
Lakini hiki cha kwanza ni changu,
nami nitakila kwa kisu na uma,
kwenye kiti chenye egemeo.