Nusu Yenye Sukari

Kesho saa mbili asubuhi Kashata atatolewa jicho.
Nalisema kavu hivyo, kama nilivyokuwa nikisoma mita:
nambari, nukta, naandika, nagonga mlango wa pili.
Lakini mkono ulioshika kalamu miaka ile ndio huu
unaomenya karoti saa saba za usiku,
Michenzani, ghorofa ya nne,
na karoti yenyewe haina mlaji.

Ni simbilisi. Majirani hawalijui jina hilo.
Bi Mtumwa wa chini humwita sungura aliyenyang'anywa masikio.
Watoto wa ngazini humwita panya wa tajiri,
na tajiri mwenyewe ndiye mie,
ambaye pensheni humwaga kabla mwezi haujafika kati.

Lilikuwa jani kavu, basi. Unyasi mmoja
niliomtandikia mwenyewe ndani ya boksi.
Jumapili jicho likatoa machozi. Jumanne likawa jeupe
kama tui lililolala nje.
Alhamisi daktari akalimulika, akashusha tochi:
"Hili limeshakwenda."
Alisema kwa upole, upole wa mtu aliyezoea ng'ombe.
Akaongeza, kisu si kitu, cha kuogopa ni usingizi.
Kiumbe wa robo tatu ya kilo, dawa ikizidi tone...
Hakumaliza. Nami sikumwomba amalize.

Zuwena yuko Morogoro, ana mitihani.
Kapiga simu magharibi: "Baba, Kashata wangu hajambo?"
"Hajambo. Anakula."
Na kweli alikuwa akila, kwa hiyo sikusema uongo.
Niliukata ukweli vipande viwili
nikampa nusu yenye sukari.

Nimesoma Yasini, nikasita katikati:
yafaa kweli, kwa mnyama?
Nikaona aliyemuumba hatachukia. Nikaendelea.
Nimechambua mchele wa siku tatu.
Nimetengeneza swichi ya chooni, ambayo haikuwa mbovu,
na sasa ni mbovu.

Wanasema usiku wa deni haukawii kukucha.
Huu wangu ni wa deni hasa. Nimekopa kwa Faki fundi saa,
nikamwambia ni la jicho, akadhani jicho langu,
akanipa zaidi ya nilichoomba.
Mbona basi umekaa kitako, usiku wewe,
kama mgeni asiyejua kuaga?

*

Kwenye benchi la kliniki nilikalia boksi tupu mapajani.
Pembeni yangu kijana na mbuzi mwenye kwato iliyofungwa kitambaa.
"Umeleta nani?"
"Simbilisi."
Hakucheka. Akafikiri. "Anakula nini?"

Nikamwambia: mchicha, ganda la tikiti, karoti kidogo.
Kwamba kisu kikigusa ubao wa jikoni
yeye chumbani hupiga mluzi, mluzi wa refa,
Kashata bin Nani, anadai penalti.
Kwamba haogopi radi, anaogopa kikohozi changu.
Kwamba aliingia nyumbani ndani ya mkoba wa shule,
nami nikasema wiki moja tu, Zuwena, wiki moja,
na hiyo wiki ina mwaka wa tatu.
Nilisema mpaka mbuzi akalala.
Yule kijana hakunipa nasaha hata moja, Mungu amjaalie.

Mlango ulipofunguka nilitazama taulo kabla ya uso wa daktari.
Katika mita za zamani kulikuwa na kigurudumu chembamba;
nyumba ikiwa kimya, pazia limeshushwa, hakuna aitikiaye hodi,
kigurudumu kikizunguka unajua mna mtu ndani.
Ubavu ule, chini ya taulo,
ulikuwa ukipanda. Ukishuka.
Ukipanda.

*

Nyuzi nne upande wa kulia. Mie sasa namjia kwa kushoto,
nasema "ni mie" kabla ya kunyoosha mkono,
jambo ambalo marehemu mama yake Zuwena
alinitaka nilifanye, nikiingia, miaka ishirini.

Leo ni siku ya pili na bado hali mwenyewe;
namlisha kwa bomba la sindano, uji wa majani, saa kwa saa.
Asubuhi nimegusisha kisu ubaoni.
Kimya.
Nikagusa tena.

Nampigia Zuwena, nimpe ile nusu nyingine.
Simu inaita. Nakata mchicha huku inaita,
nakata polepole, sikio moja huku, sikio moja kule,
na kuna sauti nyembamba,
sijui ni ya simu
au ni ya chumbani.